Andika Kabla Hujatazama Video

Usiku wa onyesho la mwisho nilishuka jukwaani nikiwa na hakika moja tu: nilikuwa nimeiharibu dansi ya pili. Hesabu nne nzima, yaani mapigo manne ya muziki pamoja na hatua zake, zilinitoka kichwani. Nilisimama katikati ya taa kama mtu aliyeingia chumba cha wageni asiowajua, muziki ukaenda, kisha mwili ukakumbuka wenyewe. Tulikuwa wanafunzi tuliofanya mazoezi miezi mitatu kwa ajili ya tamthilia ya muziki yenye maonyesho matatu tu. Nilikaa kwenye chumba cha kuvalia, maleba bado mwilini, nikalia.

Kabla ya kulala nilichukua daftari nikaandika kila nilichokumbuka kuhusu dansi zangu tatu. Nakushauri nawe ufanye hivyo, tena usiku uleule, kabla mtu hajakutumia video. Ukishajiona kwenye kioo cha simu, kumbukumbu ya mwili hufutika. Utaanza kujikumbuka kutoka nje, kama ulivyoonekana, wala hutajua tena pumzi ilikuishia wapi, uzito ulikuwa kwenye mguu upi, ulimtazama nani, na mhusika wako alikuwa anataka nini wakati ule. Maneno “nilicheza vizuri” na “nilicheza vibaya” usiyaandike kabisa, maana hayatakusaidia kurekebisha chochote.

Video niliitazama baada ya wiki moja. Mara ya kwanza nilijilazimisha kuwatazama wenzangu tu. Mara ya pili nilizima sauti. Mara ya tatu nikafuata miguu yangu peke yake. Hakikisha video yenyewe inaonyesha jukwaa zima. Ile iliyopigwa na ndugu yako aliyekufuata wewe tu ni nzuri kwa kumbukumbu za nyumbani, lakini haiwezi kukuonyesha kama mstari wenu ulinyooka.

Dansi ya kwanza, ya kundi la watu 12, daftari langu lilisema haikuwa na kosa. Hatua zote zilikuwepo, ni kweli. Ila midomo yangu ilikuwa inahesabu, moja hadi nane, moja hadi nane, na mikono yangu ilifika juu kabla ya mikono ya wengine karibu kila mara. Moyo unapokwenda mbio, muziki uleule wa mazoezini unaonekana kama umepunguzwa kasi, nawe unaanza kuukimbia bila kujua. Siku hizi nikisimama pembeni ya jukwaa nikisubiri kuingia, nasikiliza ngoma na besi kwanza, nazifuata kwa kisigino, ndipo naingia.

Sasa ile dansi ya pili niliyoililia. Ilikuwa ya watu wawili, mtu anayekuja kuaga na kushindwa kuondoka. Kwenye video, zile hesabu nne zilizonipotea, nimesimama namtazama mwenzangu akizunguka. Basi. Rafiki yangu aliyekuwa ukumbini aliniambia kwamba hapo ndipo alipoamini kuwa wale wawili wanapendana. Mimi nilisimama kwa sababu nilipotea, na mhusika wangu naye alikuwa amepotea, kwa hiyo kosa likaingia ndani ya hadithi likakaa.

Sisemi usahau hatua kwa makusudi. Ninachosema ni kwamba katika tamthilia ya muziki dansi hushika zamu pale maneno yanapokwama, na hilo ndilo la kuliangalia kwanza unapojipima. Mwaka 1943, katika Oklahoma!, tamthilia ya muziki ya Marekani, mtunzi wa dansi Agnes de Mille alitunga dansi ndefu ya ndoto ambamo msichana aliyebanwa kati ya wanaume wawili anaonyesha hofu yake kwa mwili. Ukiiondoa dansi ile, hatujui tena anaogopa nini. Jiulize hivyohivyo kuhusu yako: ikiondolewa, watazamaji watakosa habari gani? Dansi yangu ya kwanza sikuweza kuijibia swali hilo, na nadhani ndiyo sababu nilibaki nikihesabu. Sikuwa na kitu kingine cha kufikiria.

Kuhusu dansi ya tatu nina neno moja tu, pumzi. Tuliimba huku tukicheza, na kufikia ubeti wa mwisho mabega yangu yalikuwa yanapanda hadi masikioni. Panga mahali pa kuvuta pumzi kama unavyopanga hatua, palepale kila siku, na uimbe wimbo mzima ukikimbia polepole tangu wiki za mwanzo za mazoezi.

Nilipomaliza daftari na video nilidhani kazi imekwisha. Kumbe nilikuwa sijamuuliza mwenzangu wa dansi. Nilimtafuta, nikamsomea nilichoandika kuhusu pale anaponinyanyua: “Nilielea.” Kwenye video pia naelea. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwa upole kwamba usiku zote tatu nilichelewa kuruka, akawa ananiinua kwa mgongo badala ya miguu, na hadi siku ile mgongo ulikuwa unamuuma.

Anayenyanyuliwa ana kazi yake: akunje magoti, aruke kwa wakati, akaze tumbo na kiuno. Asipofanya hivyo anakuwa gunia, hata kama uso wake unatabasamu. Nililijua hilo, tulifundishwa. Lakini taa zilipowaka niliacha kuruka, nikasubiri kubebwa, na kwa kuwa yeye hakuacha kunibeba hata mara moja, hakukuwa na namna ya mimi kugundua. Katika yote niliyojifunza kwenye onyesho lile, hilo ndilo lililoniumiza, maana zile hesabu nne hazikumdhuru mtu.

Nilimwomba radhi, nikamuuliza kwa nini hakuniambia baada ya usiku wa kwanza. Alisema aliogopa kunivunja moyo. Mgongo ulipopona tulikwenda kwenye ukumbi mtupu, tukatandika mikeka ya mazoezi, bila muziki, yeye akihesabu kwa sauti, mimi nikikunja magoti kwenye saba na kuruka kwenye nane. Mara ya sita akaniweka chini akasema, “Hiyo sikuisikia mgongoni.” Tukairudia tena.