Kama umetumwa Budongo kutafuta kile kiua kisicho na kijani

Wadogo zangu mnaoanza hii kazi ya mimea, kila likizo ikikaribia napata meseji zenu "kaka tunakuja Budongo kutafuta Afrothismia, tujiandae vipi", yaani msitu wetu wa magharibi mwa Uganda na kile kimmea chake kidogo kisicho na kijani, basi leo naandika mara moja nimalize. Mimi si dokta, ni mtu wa kushika panga na presi, ile mbao ya kubania mimea ikauke, nimewafuata wasomi msituni miaka kumi na kitu na mengi nimejifunza kwa kukosea.

Kwanza mjue mnatafuta nini. Afrothismia ugandensis imeandikwa kuonekana mara mbili tu, 1940 na 1998, zote humu humu Budongo, kwingine duniani haijulikani. Zamani ilihesabiwa kama namna tu ya ndugu yake Afrothismia winkleri wa upande wa Kameruni, juzijuzi ndio ikapewa jina lake yenyewe. Haijipikii chakula kwa jua, inanyonya kila kitu kutoka kwa kuvu iliyoko udongoni, kwa hiyo muda mrefu inakaa chini na wewe unapita juu yake na gambuti zako. Kinachotokea juu ni kiua kidogo katikati ya majani yaliyooza, na hicho kinangoja mvua ishike vizuri. Sasa wewe unakuja Januari kwa sababu ndio una likizo na barabara ya Masindi imekauka... Januari utaona vumbi na nyani.

Kosa la karibu wote ni kutembea. Mwanafunzi anataka kilomita zake, jioni jipiesi inaonyesha 12 anafurahi, kumbe kwa hii kitu kilomita 12 ni sifuri. Piga magoti. Funua majani polepole kwa vidole, si kwa panga, halafu yarudishe yalivyokuwa, maana udongo ukikauka kuvu inakufa na unachotafuta kinakufa nayo. Mimi huanzia pale nikiona vimea vingine vidogo visivyo na kijani, hivyo huwa vinapenda kukaa sehemu zinazofanana.

Mwaka wangu wa pili nilipata kimoja cha hivyo, cheupe, sio hiki, cha ukoo mwingine, nikafanya nilivyofundishwa kwa majani ya miti, nikakilaza kwenye gazeti la Bukedde nikakaza presi. Baada ya siku tatu nilikuwa na doa la kahawia juu ya habari za mpira. Bosi hakusema neno, alifunga presi akaenda kunywa chai, afadhali angenitukana. Tangu siku hiyo ni picha kwanza, rula kando, ua kwa mbele na kwa ubavu, rangi inaandikwa hapohapo, halafu chupa ya spiriti asilimia 70. Na ukikuta kimoja peke yake usichomoe, piga picha uite mkubwa wako. Mahali penyewe usipatupe mtandaoni.

Hii ndio nataka mshike kabisa: wengi wakirudi mikono mitupu hawaandiki kitu, wanaona aibu. Andika! Tarehe, kompatimenti (kipande cha msitu) namba ngapi, saa ngapi mlitafuta, wangapi walipiga magoti, mvua ya mwisho lini, hatukupata. Siku mtu akitaka kusema hii kitu imetoweka ataulizwa ilitafutwa wapi na msimu gani, na bila kurasa zako za hatukupata, hatukupata, hana la kujibu. Thismia neptunis, kimmea kingine kisicho na kijani cha kule Borneo, ilionekana 1866 ikaja kuonekana tena 2017, miaka 151, sasa wewe na wiki zako mbili usituandikie "imetoweka" kwenye ripoti. Ila pia msilale, msitu wenyewe unaliwa, wapasua mbao wa wizi, mashamba yanaingia pembeni, na maneno ya mashamba ya miwa huku hayaishi, hapo ndio mtanikuta na hasira.

Vibali ni NFA, mamlaka ya misitu ya taifa, ndio wenye msitu, pamoja na karatasi ya baraza la sayansi Kampala, msije bila hizo halafu mniachie mimi kuwaombea kwa askari. Kiswahili kitawasaidia, huku ni Waalur, Walugbara, Wanyoro, sote tunakutana hapo. Wazee waliowahi kupasua mbao wanaujua msitu kuliko ramani yako. Mwamkie mzee, kaa, kunywa chai yake. Usimwonyeshe picha ukauliza "umewahi kuona?", atasema ndiyo ili akufurahishe. Muulize ni wapi uyoga hutoka mapema.

Cha mwisho ni magoti, kunja gunia la mahindi mara nne ufunge na mpira wa baiskeli, la sivyo siku ya tatu huinuki. Na kabla hujapiga magoti angalia siafu. Mimi mpaka leo huwa nasahau.