Vidole Kichwani: Maswali Yenu Kuhusu Nywele Zinazonyonyoka

SWALI: Shikamoo bibi. Mimi ni mama mwenye umri wa miaka 29, ninaishi Pasua, Moshi, na nilijifungua mtoto wangu wa pili miezi minne iliyopita. Wiki hizi tatu nywele zangu zinanyonyoka kwa namna inayonitisha: nikichana chanuo linajaa, nikiosha kichwa ninaziokota kwenye beseni. Pembeni mwa paji la uso ndiko zilikopungua zaidi. Nilisuka rasta wiki moja kabla ya kujifungua, nikasuka tena mara baada ya arobaini. Jirani yangu amenifundisha kubinya sehemu fulani za kichwa na za mkono, anasema ni akupresha ya Kichina, na kwamba nikibinya kila siku nywele zitarudi. Mama mkwe anasema ni jicho la watu. Nimsikilize nani?
Mama Wawili, Pasua

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa mtoto. Mama mkwe mjibu kwa heshima, kisha mambo ya jicho uyaache hapo hapo. Jirani hajakosea sana, ila ameanzia mwisho. Kabla ya kuuliza pa kubinya, yafaa tujue nywele zinatoka kwa sababu gani, nazo zenyewe zitatueleza.

Kesho, kabla hujalisafisha chanuo, chomoa unywele mmoja uulaze kiganjani karibu na dirisha. Ukiona ncha moja ina kivimbe kidogo cheupe mfano wa kichwa cha pini, unywele huo umenyonyoka, yaani umetoka na shina lake. Ukikuta kipande kifupi kisicho na kivimbe upande wowote, huo umekatika njiani, na mkosaji ni ukavu, moto wa pasi ya nywele au dawa ya kulainisha. Saluni nyingi mambo haya mawili yote huitwa kukatika, na ndiyo maana watu hununua mafuta ya ugonjwa wasiokuwa nao.

Ninavyoisoma barua yako, utakuta vivimbe. Wakati wa ujauzito homoni huzizuia nywele nyingi zisifikie zamu yake ya kupumzika, na ndiyo maana kichwa cha mjamzito hujaa. Mama akishajifungua homoni hizo hushuka ghafla, nywele zilizokuwa zimechelewa huingia mapumzikoni kwa pamoja, na baada ya miezi miwili hadi minne huanguka kwa pamoja. Mtu yeyote hupoteza nywele kama 50 hadi 100 kwa siku bila kujua. Wewe sasa unalipa deni la miezi tisa. Mimi mwenyewe, baada ya kifungua mimba wangu, niliweka za kwangu kwenye bahasha nikampelekea daktari kama ushahidi. Alizitazama, akacheka, akaniambia nirudi mtoto akianza kutembea. Sikuwa na haja ya kurudi, kwa kuwa kwa wanawake wengi kichwa hujaa tena kabla mtoto hajatimiza mwaka au karibu na hapo.

Pembeni mwa paji la uso ni habari nyingine. Hapo ninashuku rasta zako. Nywele zinazovutwa kwa wiki nyingi kwenye mstari wa mbele hulegea mashinani, na dalili za mwanzo ni ngozi kuuma usiku wa kwanza na vipele vidogo kwenye mizizi. Ukiacha mapema hurudi. Ukiendelea kwa miaka ngozi hupata kovu, na kwenye kovu unywele hauoti hata ukabinywa na mabingwa wa Beijing. Kwa hiyo fumua hizo rasta wiki hii, na kwa miezi sita ijayo usuke mistari mikubwa isiyovuta, tena bila kuongeza uzito wa nywele za kununua. Msusi akikuambia kwamba maumivu ndiyo dalili ya msuko utakaodumu, msikilize kwa adabu, kisha utafute msusi mwingine.

Sasa nije kwenye vidole. Akupresha hutumia pointi zile zile za tiba ya sindano ya Kichina, ila badala ya sindano hutumika kidole. Jirani yako bila shaka amekuonyesha tatu. Ya kwanza iko utosini: pandisha vidole wima kutoka ncha ya juu ya kila sikio hadi vikutane katikati ya kichwa, Wachina huiita Baihui, maana yake makutano mia. Ya pili ni vishimo viwili chini ya mfupa wa kisogo, kila kimoja nje kidogo ya msuli mnene wa shingo. Ya tatu iko mkononi, kwenye nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada. Hii ya mkononi kwa desturi ya tiba yenyewe hairuhusiwi kwa mjamzito, basi ukishika mimba tena uiache.

Binya kwa nyama ya kidole, si kwa kucha, mpaka uhisi uzito lakini si maumivu, uhesabu pumzi tano za taratibu, uachie. Baada ya hapo tandaza vidole vyote kumi kichwani na uisogeze ngozi juu ya fupa la kichwa, kama unavyokanda unga uliokwisha kushikana. Vidole visiteleze juu ya nywele, kwa sababu kuteleza ndiko kunakozifunga mafundo na kuzikata. Dakika nne zinatosha. Kwenye nywele za mbele zilizolegea pita kwa wepesi kabisa, na kichwa chenye kidonda au kilichotiwa dawa juzi usikikande.

Je, zitarudi kwa hilo? Utafiti unaotajwa sana ulifanyika Japani na kuchapishwa mwaka 2016: wanaume 9 wenye afya walikandwa kichwa kwa kifaa dakika 4 kila siku kwa wiki 24, na nywele zao zikawa nene kidogo. Kasi ya kuota haikuongezeka, na watu 9 ni wachache mno, tena hakuna kati yao aliyekuwa ametoka kujifungua. Kwa hiyo jikande kwa sababu kunaburudisha, shingo ya mama anayenyonyesha inakuhitaji, na usingizi huja upesi. Zako zitarudi kwa sababu wakati wake umefika, na jirani atachukua sifa, mwachie.

Jambo moja usilipuuze. Kama ulipoteza damu nyingi wakati wa kujifungua, au unachoka na moyo unakwenda mbio, nenda ukapime wingi wa damu na tezi ya shingo, kwa maana upungufu wa madini ya chuma na hitilafu ya tezi hunyonyoa nywele vilevile. Mtori wako uendelee, nyama iwemo ndani, na chai uinywe mbali na mlo kwa sababu huzuia chuma kuingia mwilini.

SWALI: Habari za kazi, mama. Nina miaka 41, ninaongoza watalii hapa Arusha. Paji linarudi nyuma na utosi umeanza kung'aa, kama ilivyokuwa kwa baba. Mwenzangu amenishauri nisugue kucha za mikono miwili dakika kumi kila siku. Nimesugua miezi mitatu. Niendelee?
Msugua Kucha, Sakina

JIBU: Salama, baba. Hapana. Kucha na nywele zimejengwa kwa protini moja iitwayo keratini, lakini udugu huo hauzifanyi zipelekeane salamu. Kipara chako ni cha kurithi: homoni ya kiume huvifinya vishina vya nywele mwaka hadi mwaka, na hakuna kidole kinachoifikia homoni. Dawa ya kupaka iitwayo minoksidili huwasaidia baadhi, ila ukiacha kuipaka nywele ulizopata huondoka ndani ya miezi, basi uhesabu gharama yake kabla hujaanza. Kinachonihangaisha mimi ni jua: Arusha iko mita zipatazo 1,400 juu ya bahari, nawe unashinda porini na utosi wazi. Vaa kofia yenye ukingo mpana.

SWALI: Mwanangu wa miaka sita ana mabaka mawili ya mviringo kichwani yasiyo na nywele, yana magamba na yanawasha. Naweza kumkanda kwa mafuta ya nazi?
Mama wa Rau, Moshi

JIBU: Usimkande hata mara moja. Hayo yanafanana sana na mapunye, ambayo ni fangasi, na vidole vyako vitayatembeza kichwa kizima. Dawa ya kupaka peke yake haitoshi, kwa kuwa fangasi hao huingia ndani ya unywele. Huhitajika vidonge kwa wiki kadhaa, kwa kipimo cha daktari kulingana na uzito wa mtoto. Ninyi wa Moshi mna bahati: kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kiko hapo hapo, kwenye hospitali ya KCMC. Kabla ya kwenda, tenga kofia na kitana chake, mwambie kinyozi aisafishe mashine yake, na ndugu zake wote wakaguliwe vichwa leo hii.