Mama anasahau: maswali yenu ya wiki hii

"Mama ana miaka 74 anasahau sana, tumpe dawa gani?"
Jamani hili swali kila wiki. Apimwe kwanza! Thairoidi (tezi ya shingoni) yenye hitilafu, upungufu wa vitamini B12, sonona, hata masikio mabovu, vyote vinaweza kumfanya mtu aonekane kasahau. Ikiwa ni dimensia kweli, yaani ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu na akili, ya kuiponya haipo, na huyo anayewauzia chupa ya mizizi kwa laki na nusu anawaibia.

"Ni ya kurithi?"
Mara nyingi sio. Ila presha ya juu nayo huongeza hatari, kwa hiyo meza dawa zako za presha.

"Tumekubaliana mdogo wetu wa kike aache kazi Dar arudi Moshi kumuuguza mama, sisi kaka watatu tutume hela. Sawa?"
Mmekubaliana naye au mmemwambia? Shirika la Afya Duniani lilikadiria dimensia iliigharimu dunia dola trilioni 1.3 mwaka 2019, karibu nusu ni kazi ya ndugu na jamaa wasiolipwa, na asilimia 70 ya masaa hayo ni ya wanawake, ndo huyo dada yenu sasa. Chukueni daftari muandike mshahara anaouacha, michango yake ya NSSF inayokatika, pampasi za watu wazima, sabuni, bodaboda ya kliniki, halafu muandike na nani anaamka saa nane usiku mama akiwa mlangoni na kanga yake kichwani anataka kwenda kwa marehemu mumewe. Hiyo zamu haitumwi kwa M-Pesa.

"Pensheni ya wazee Zanzibar si inasaidia?"
Inasaidia, ilianza 2016 na elfu 20 kwa mwezi kwa wenye miaka 70 na kuendelea, sasa elfu 50. Ila pampasi zinaimaliza mapema tu. Bara hata hiyo ya kila mzee hatuna.

"Bibi anazurura usiku, majirani Shinyanga wameanza kusema mchawi."
Hili usilale nalo. Huko vikongwe wameuawa kwa macho mekundu tu, ya moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji leo na cheti cha daktari kama unacho, waite majirani waone anavyoshindwa kutaja majina ya wanawe, na bibi asilale peke yake.

"Mjomba anataka mama asaini hati ya shamba kabla hajasahau kabisa."
Hati ifungieni. Mjomba mpeni zamu ya Jumamosi usiku.