Kabla hujapeleka mota ya trekta la umeme kusukwa upya

Juzi msomaji mmoja wa Igoma, hapa Mwanza, ameniandikia. Ana trekta dogo la bustani la umeme, la zamani, lililoingia na mitumba ya kontena. Anakatia nyasi na kuvutia tela la samadi. Siku hizi likipanda kamwinuko linazubaa, linanuka, kisha linasimama. Ameambiwa mota imekufa, isukwe upya (itolewe waya za shaba za ndani, ziwekwe mpya), na alichotaka kwangu ni bei ya kusuka. Nikamuuliza vipimo vilisomaje. Hakuna kilichopimwa! Hilo linaniuma, maana kila mwaka mota nzima zinakatwa shaba ikauzwe skrapa kwa sababu ya kosa lililokuwa nje ya mota.

Mota hizi za makaa (vipande vya kaboni vinavyogusa sehemu inayozunguka na kuipelekea umeme) ni ngumu. Chukua matrekta ya bustani ya Elec-Trak, yale General Electric ya Marekani iliyoanza kuyauza mwaka 1969: volti 36 kutoka betri sita za volti 6. Mpaka leo yapo yanayotembea na mota zake za kiwandani. Kinachooza kwanza ni njia ya umeme: tamino, nyaya, kontakta (swichi kubwa inayovutwa na sumaku ya umeme), makaa. Fuata njia hiyo ukianzia betri, na upime trekta likiwa limebeba mzigo. Kipimo cha trekta lililotulia kitakudanganya.

Vua pete na saa kwanza. Volti 36 haikurushi, lakini spana ikilalia tamino mbili inachomea hapohapo, na pete ikigusa inaunguza kidole hadi mfupani. Kwa majaribio ya kuwasha, inua nyuma kwa jeki, weka magogo chini ya ekseli, matairi yaelee.

Chaji betri, ziache zilale usiku mzima. Asubuhi kila moja ya volti 6 isome 6.3 hadi 6.4, zote sita karibu 38. Kisha fungia waya za mita kwenye betri moja na upandishe trekta mlimani (Mwanza mlima hautafutwi). Rudia kwa kila betri. Ikiwa wenzake wanabaki 5.9 na moja inaporomoka chini ya 5.25, umempata mgonjwa, na hujafungua hata nati moja ya mota. Betri hiyo moja inalivuta trekta zima chini, mota inakosa nguvu, inakula ampea nyingi, inapata joto. Harufu mnayoinusa inaanzia hapo.

Baada ya betri, viungo. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya risasi yenyewe na nyingine kwenye kichwa cha waya kilichoibana. Trekta likivuta, usione zaidi ya volti 0.1. Ukiona 0.5 huku mota inakula ampea 100, hizo ni wati 50 za moto kwenye kiungo kimoja, sawa na kuacha pasi ya kuchomelea risasi imewashwa hapo. Fungua, osha kwa maji ya magadi, piga msasa, kaza, kisha paka grisi juu. Grisi usiipake kabla ya kukaza. Kwa ampea, angalia mita yako ya kubana waya: nyingi madukani zinasoma umeme wa TANESCO tu, umeme wa betri haziuoni. Tafuta iliyoandikwa inapima ampea za DC.

Ukikanyaga ukasikia "tak" na trekta halitoki, chunguza meno ya kontakta, yale yanayogusana kupitisha umeme. Usipoisikia, mota usiiguse kabisa: tafuta fyuzi, swichi ya kiti, swichi ya breki. Na kama gia ya umeme ya kwanza haifanyi kitu ila ya pili inaondoka kwa kishindo, resista ya kuanzia imekatika.

Sasa makaa. Toa tamino ya betri, fungua kifuniko cha nyuma cha mota, ukiwa umeweka alama ya ponchi kwenye kifuniko na kwenye bodi ili kirudi palepale. Kikisogea, makaa yanapoteza nafasi yake na mota itatoa cheche hata ikiwa mpya. Vuta kila kaa: liteleze kwenye kikasha chake bila kukwama, springi ilisukume kwa nguvu. Likibaki theluthi moja ya urefu wake wa awali, badilisha yote kwa pamoja. Sisi wa kando ya ziwa tuna tatizo letu: vile vidudu vidogo vinavyopanda kutoka majini kama moshi vinaingia kwenye matundu ya hewa, vinachanganyika na unga wa makaa na unyevu, na kuwa tope jeusi. Tope hilo linakwamisha makaa na linapitisha umeme kwenda kwenye bodi. Lipulize kwa hewa kavu, ukivaa barakoa. Maji usitumie.

Tazama komyuteta, ile silinda ya bapa za shaba ambayo makaa yanaigusa, kwa tochi. Rangi ya chokoleti, laini, ni afya. Weusi kote ni uchafu au springi dhaifu. Bapa mbili zilizoungua huku nyingine safi, hapo ndipo amecha (sehemu ya mota inayozunguka, yenye waya) inaposhukiwa, na bado pima. Mita ya kawaida haiwezi kusoma ohmu ndogo namna ile. Pitisha umeme wa betri ya volti 12 kupitia balbu ya taa kubwa ya gari, uingie kwenye makaa, halafu pima milivolti kati ya bapa na jirani yake, moja baada ya nyingine. Zikikaribiana, amecha ni nzima. Inayoruka juu sana imekatika. Inayoshuka karibu na sifuri ina shoti. Kati ya bapa na shafti, umeme usipite.

Kama mota yako ina fildi ya waya (waya zilizosukwa kwenye bodi kufanya kazi ya sumaku) badala ya sumaku, pima fildi peke yake. Kama fildi ina njia yake ya umeme mbali na amecha, ikikatika inafanya mota ivute ampea nyingi bila nguvu, na ikiwa haina mzigo inaweza kukimbia mpaka amecha ipasuke. Kwa hiyo usiipe amecha umeme wakati fildi haina. Zenye sumaku zina dalili yake: zinazunguka kasi sana hewani, mlimani hazina kitu, kwa kuwa sumaku zimepikwa na joto.

Makaa mapya yanahitaji kukalishwa. Zungushia komyuteta msasa laini wa mchanga, upande wa kukwaruza ukitazama makaa, uvute kwa mwelekeo wa mzunguko hadi uso wa kaa upinde sawasawa. Msasa wa chuma hapana, chembe zake zinapitisha umeme na kukwama kati ya bapa. Puliza, funga kwa alama yako, tembeza trekta nusu saa kwenye tambarare bila tela. Kisha simama, kata umeme, na ushike kila kiungo kwa kiganja. Kile cha moto kuliko wenzake kifungue tena.