Muulize Shangazi: Vinyago haviishi, miguu inauma

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani hapa Masasi. Kila nikienda Dar kumtembelea binti yangu ananipeleka Makumbusho ya Taifa, au sijui maonyesho gani ya picha. Wenzangu wanasimama mbele ya kinyago wakitikisa kichwa. Mimi nusu saa tu miguu inauma, nawaza chai. Nifanyeje nami nifurahie?

JIBU: Marahaba, fundi. Miguu inakuuma kwa sababu unataka kumaliza jengo zima. Nani kakutuma? Chagua vitu viwili vitatu, vingine vipite.

Kile kikaratasi cha maelezo kisome mwishoni. Wewe nguo iliyoshonwa na mwenzako ukiishika unaigeuza ndani utazame mshono. Basi kinyago nacho kizunguke. Ukikuta mti wa watu, ule wa ujamaa, ujue ni gogo moja la mpingo. Tafuta nani kambeba nani, na mkono huu umetoka bega lipi. Chungulia yale matundu kati ya mwili na mwili: patasi ilipitaje humo bila kukata mguu wa mtoto? Pembeni ukiona mstari wa rangi ya maziwa, hiyo ndiyo sehemu ya nje ya mpingo, karibu na gome. Cheusi ni moyo wake. Mchongaji kauacha makusudi, au gogo lilikuwa jembamba? Amua mwenyewe, usingoje mtaalamu.

Mapiko, vile vinyago vya kuvaa kwenye ngoma ya Wamakonde, ni habari nyingine. Yalichongwa yavaliwe, yachezwe kwenye vumbi huku watoto wakikimbia wakipiga kelele. Nawe kama umewahi kuiona ngoma hiyo, mtalii hakufikii. Tazama nywele: mara nyingi ni za mtu kweli, zimebandikwa. (Mengine ni ya jandoni, mimi mwanamke naishia hapo.) Kinyago kimoja cha Kimakonde cha kuvaa kiliibwa hapo hapo Makumbusho ya Taifa mwaka 1984, kikaibukia jumba la makumbusho la Barbier-Mueller, Geneva, Uswisi, na hakikurudishwa mpaka 2010.

Kwenye picha za rangi, ukikutana na mashetani ya George Lilanga, mtu wa huku huku Kusini, yenye masikio makubwa na midomo iliyovimba, cheka. Usijikaze.

Na chai kanywe, kisha urudi kwenye kinyago kilekile. Binti akinung'unika kwamba mmeona chumba kimoja tu, mwambie kesho mtaanzia cha pili.