Ukifika Fort Leavenworth, usimkose yule farasi wa shaba

Kila mwaka maofisa wa kijeshi kutoka nchi nyingi, zetu za Afrika Mashariki zikiwemo, hupelekwa Fort Leavenworth, Kansas, kusoma katika chuo cha ukamanda na unadhimu. Kozi huchukua miezi kumi hivi, na wengi huenda na familia. Mimi nilikwenda hivyo, na watoto wawili na masanduku sita. Asubuhi mume wangu anaondoka na begi la vitabu, mimi nabaki na nyumba, baridi, na swali moja: hapa mtu anatembea wapi? Kila niliyemuuliza alinielekeza madukani Kansas City. Miezi mitatu ya mwanzo ikaishia huko. Nawaandikia ninyi mnaofungasha sasa hivi, msiupoteze muda wenu kama nilivyoupoteza wangu.

Leavenworth ni mji mdogo ukingoni mwa mto Missouri. Kambi ilianzishwa mwaka 1827 na Kanali Henry Leavenworth na haijafungwa tangu siku hiyo. Mji wenyewe ulikuja baadaye, 1854. Ng'ambo ya mto ni jimbo la Missouri, na huko utumwa ulikuwa halali hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe. Watu waliokuwa watumwa walivuka maji haya kutafuta uhuru upande wa Kansas. Siku yako ya kwanza ya mapumziko, teremka mtoni, usimame tu hapo utazame ng'ambo. Mengine yote utakayoyaona yataeleweka vizuri zaidi ukishaanzia pale. Hapo karibu utaona pia bonde pana la nyasi linalopanda kutoka ukingoni. Ukilitazama haraka utadhani ni mtaro. Lilichimbwa na magurudumu ya magari ya kukokotwa na ng'ombe, yaliyokuwa yakipakuliwa melini na kuelekea magharibi.

Kisha nenda kwenye mnara wa Buffalo Soldiers, askari weusi wa farasi. Kikosi chao cha 10 kiliundwa hapahapa kambini mwaka 1866, mwaka mmoja tu baada ya utumwa kukomeshwa. Walipewa sehemu yenye majimaji kupiga kambi, wengi wakaugua. Miaka zaidi ya mia ilipita bila sanamu hata moja. Mwaka 1982 Colin Powell, akiwa brigedia jenerali kambini hapo, aliuliza ni wapi askari hao wanakumbukwa, akaonyeshwa vijia viwili vya kokoto vilivyopewa majina ya vikosi vyao. Basi. Ndiye aliyeanza kuusukuma mpango wa kujenga mnara, na mwaka 1992, akiwa mkuu wa majeshi yote ya Marekani, alirudi kuuzindua.

Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waafrika chini ya wakoloni Waingereza, akapigana Burma. Hakuna jiwe lolote lenye jina lake. Nilipomwona yule mpanda farasi wa shaba juu ya dimbwi la maji, hatamu mkononi na bunduki mkono wa pili, nilimfikiria babu mpaka mtoto wangu akanivuta sketi akitaka kujua kwa nini nalia. Na kwa kuwa watoto huuliza, waambieni ukweli wote: askari hawa walitumwa kupigana na wenyeji wa asili wa nchi hiyo, waliokuwa wakinyang'anywa ardhi yao. Watu wetu wa KAR nao walitumwa hivyohivyo. Kuwaheshimu hao wazee hakututaki tuifiche habari hiyo.

Usiondoke hapo kabla hujazunguka sehemu nyingine za bustani. Kuna sanamu ya Henry Flipper, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1856, akawa mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha kijeshi cha West Point, 1877. Alifukuzwa jeshini mwaka 1882, na msamaha wa rais ulikuja mwaka 1999, yeye ameshakufa zamani. Tena kuna mnara wa wanawake wa kikosi cha 6888, uliozinduliwa 2018. Ningekuwa na saa moja tu Leavenworth, ningeitumia hapo. Ni wanawake weusi 855 waliopelekwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1945, wakakuta mabohari yamejaa barua za askari zilizokwama. Wakafanya kazi kwa zamu usiku na mchana mpaka barua zikawafikia wenyewe. Kamanda wao, Charity Adams, amechongwa kichwa na mabega, na majina ya wanawake wake yako kwenye jiwe. Rafiki yangu kutoka Uganda, mke wa ofisa pia, alipitisha kidole jina kwa jina bila kusema neno. Mwishoni akaniambia, "Dada, wote hawa walikuwa na mama zao nyumbani wakisubiri barua."

Makumbusho ya kambi, Frontier Army Museum, ni ya saa moja na nusu. Kuna gari la farasi alilopanda Abraham Lincoln alipokuja Leavenworth Desemba 1859, kabla hajawa rais. Watoto wangu walipenda zaidi ndege ya zamani ya mbao na kitambaa. Piga simu kabla ya kwenda; mimi nilikwenda siku wamefunga, na baridi ile ya Januari haina huruma. Wageni wako wakija kutoka nyumbani, shughulikia vibali vyao vya kuingia kambini mapema, na wabebe pasipoti. Mdogo wangu alipokuja hatukufanya hivyo, tukakaa getini karibu saa mbili. Na magereza makubwa ya Leavenworth, yapite tu. Usisimamishe gari kupiga picha.

Mjini, nje ya geti, nenda Richard Allen Cultural Center. Ni mahali padogo, na wengi huliona bango wakapita. Wanatunza habari za familia nyeusi za Leavenworth, pamoja na picha za zamani: watu waliovaa vizuri, wamekaa wima, wakijua wanachokifanya. Keti na wazee wanaojitolea hapo, sema umetoka wapi, halafu uwaache waongee. Nilikaa saa tatu.

Kwa watoto kuna makumbusho ya C. W. Parker, aliyehamishia mjini kiwanda chake cha farasi wa mbao wa kuzunguka mwaka 1911. Wanaruhusiwa kupanda farasi wa mwaka 1913, na muziki unapigwa. Hapo pumzika, umewachosha na historia.

Atchison ni mwendo mfupi kwa gari kwenda kaskazini, na barabara yake ni nzuri majani yanapogeuka rangi mwezi wa kumi. Nyumba ya babu na bibi yake Amelia Earhart, alikozaliwa mwaka 1897, inatazama mto uleule. Mimi nilimjua kama mwanamke aliyepotea na ndege yake 1937. Sikujua kwamba katika safari hiyo ya mwisho alikuwa ameshavuka Afrika, akatua Khartoum na Massawa. Binti yangu aliifuata njia hiyo kwenye ramani kwa kidole.

Safari ndefu kuliko zote iwe Topeka, saa moja na ushei. Shule ya Monroe, iliyokuwa ya watoto weusi, sasa ni makumbusho ya kesi ya Brown, iliyoamuliwa tarehe 17 Mei 1954 na kuharamisha kutenganisha watoto shuleni kwa rangi. Kuingia ni bure. Wakili mkuu wa kesi hiyo alikuwa Thurgood Marshall, na hapa Mkenya asimame kidogo: mwaka 1960 Marshall huyohuyo alikwenda London, kwenye mazungumzo ya Lancaster House, akiwa mshauri wa wajumbe wetu Waafrika, akaandika rasimu ya haki za raia kwa ajili ya Kenya iliyokuwa inakaribia uhuru. Niliwaambia watoto hivyo tukiwa tumesimama ndani ya darasa. Mwanangu wa miaka tisa, ambaye siku hiyo alikuwa amenuna tangu asubuhi kwa kunyimwa simu, aliuliza kama Marshall aliwahi kufika kwetu. Nikamwambia ndiyo, alikuwepo Nairobi bendera yetu ilipopandishwa, Desemba 1963. Akaomba turudi chumba cha kwanza, tuanze upya.