ESR na CRP zikiwa juu, je, ni saratani ya ovari?

Dada, umeuliza kama ESR ya 80 na CRP iliyopanda zinatosha kusema kwamba mama yako ana saratani ya ovari, kwa kuwa mtu wa maabara amekudokezea hivyo. Pole sana kwa wasiwasi ulio nao. Nitakujibu kutokana na yale niliyoyapitia nilipomuuguza mama yangu mzazi, tangu akiwa Sengerema hadi alipovushwa kwa kivuko cha Kamanga kuja kutibiwa Mwanza.

Majibu hayo hayatoshi. Vipimo hivyo vinapima mchochota, yaani mwili unavyopambana na jambo linaloudhuru. Wengi wetu huuita mchochota "uvimbe", kisha tukauchanganya na uvimbe ulioota, na hofu ikaanzia hapo. CRP ni protini inayotengenezwa na ini linapopokea ishara za kemikali, hasa intalukini-6. Ni kweli kwamba saratani ya ovari hutoa kemikali hiyo kwa wingi, ndiyo maana wagonjwa wengi ambao ugonjwa umekwisha kusambaa huwa na CRP ya juu, na baadhi yao chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, huzidi 400,000 kwa kila mikrolita ya damu. Lakini ini halijui ishara imetoka wapi. Kifua kikuu, maambukizi ya nyonga, nimonia na malaria, maradhi tunayoishi nayo huku kandokando ya ziwa, yote huipandisha. ESR, yaani kasi ya chembe nyekundu za damu kutua chini ya mrija, ni dhaifu zaidi, kwani hupanda hata kwa upungufu wa damu au kwa umri kusogea.

Mama yangu alikuwa na ESR ya 78. Tumbo lilikuwa likimjaa, akawa anashiba kwa matonge mawili ya ugali, na haja ndogo ikawa ya mara kwa mara. Katika zahanati moja alitibiwa taifodi mara mbili na UTI mara moja, na miezi minne ikapita. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba kila aliporudi ESR ilikuwa palepale, wala hakuna aliyejiuliza kwa nini haishuki ilhali dawa zimekwisha. Kwa maoni yangu, hapo ndipo vipimo hivi vina thamani: mchochota usioshuka baada ya tiba, kwa mwanamke aliyekoma hedhi na ambaye tumbo linamjaa, ni sababu ya kumpeleka utrasaundi wiki hiyohiyo.

Utasikia pia habari za kugawanya nutrofili kwa limfosaiti, aina mbili za chembe nyeupe za damu, katika picha kamili ya damu. Kwa mama ilikuwa 7.8 kwa 1.3, yaani 6. Uwiano huo huwa juu zaidi kwa wenye saratani kuliko kwa wenye uvimbe usio wa saratani, ila namba za makundi hayo mawili huingiliana, na hakuna kiwango kimoja kilichokubaliwa cha kuyatenganisha.

Kilichofungua njia ni utrasaundi, iliyoonyesha uvimbe wenye sehemu ngumu pamoja na maji tumboni, kisha CA-125, kipimo cha protini katika damu ambayo mara nyingi hupanda kwa wenye saratani ya ovari, ambayo ilikuwa 140 wakati kikomo cha kawaida ni 35. Daktari alitueleza hesabu inayotumika tangu 1990: alama za utrasaundi, kwake 3, mara alama za kukoma hedhi, nazo 3, mara CA-125. Jibu lilikuwa 1,260, na kuanzia 200 mgonjwa hustahili kupelekwa kwa bingwa. CRP na ESR hazimo kabisa katika hesabu hiyo.

Hata CA-125 usiitegemee peke yake. Takribani nusu ya wanawake ambao saratani iko katika hatua ya kwanza huwa nayo katika kiwango cha kawaida, na kwa upande mwingine kifua kikuu cha tumbo huweza kuipandisha sana na kujaza maji tumboni vilevile. Kwa sababu hiyo madaktari hawakumwambia mama jina la ugonjwa wake mpaka kinyama kilipochunguzwa na mtaalamu wa patholojia.

Mpeleke mama utrasaundi ya nyonga, na ubebe majibu yote ya zamani ya damu yakiwa na tarehe zake, ili daktari aone kama ESR ilipanda juzi tu au imekaa juu kwa miezi.